Dozi tusiyoimaliza: nafasi ya raha katika mazoezi ya kila siku

Mtu wa Moshi akienda kupima afya, presha ikaonekana imepanda, hutoka kliniki na mambo mawili: cheti cha dawa na agizo la kufanya mazoezi nusu saa kila siku. Yote mawili hutamkwa kwa lugha moja, lugha ya dozi, naye huitikia kwa kichwa, huaga na kuondoka. Nia ya daktari ni njema. Tatizo ni kwamba sisi na dozi tunajuana. Dawa mseto ya malaria ni ya siku 3 tu, na bado wapo wanaoiacha siku ya pili homa ikishuka, vidonge vilivyobaki vikawekwa kabatini kumsubiri mgonjwa ajaye. Ikiwa siku 3 zinatushinda, sijui tunategemea nini kwa agizo lisilo na siku ya mwisho.

Hoja yangu ni kwamba usemi wa "mazoezi ni dawa", ambao kwa mizani ya tabibu ni wa kweli, unatuponza kwa mizani ya mazoea, kwa sababu unaiweka faida mbali na kuiacha adha mlangoni. Presha itashuka baada ya miezi. Baridi ya alfajiri ya Julai iko nje ya blanketi sasa hivi. Kinachomtoa mtu kitandani siku ya mia mbili ni kitu anachokifurahia ndani ya zoezi lenyewe, na pasipo kitu hicho hakuna ratiba wala raba mpya itakayomwokoa. Raha, kwa maana hiyo, ndiyo mashine inayolisukuma zoezi, ilhali sisi tumezoea kuihesabu kuwa zawadi ya wale waliokwisha kuvumilia.

Uadui wetu na mazoezi hatukuzaliwa nao. Sehemu yake tulifundishwa shuleni. Aliyechelewa namba aliruka kichurachura, aliyepiga kelele darasani alipiga pushapu, na aliyeshindwa hesabu za jedwali alizungushwa uwanja mpaka mate yakakauka. Kwa miaka 7 ya shule ya msingi mwili wa mtoto uliambiwa, tena kwa fimbo, kwamba kutoka jasho ni malipo ya kosa. Hata hivyo shule hizohizo zilikuwa na mchakamchaka. Alfajiri, mistari miwili, kiongozi akianzisha na kundi likiitikia, miguu ikipiga ardhi kwa pamoja na vumbi likipanda mpaka magotini. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyeuliza ni kilomita ngapi. Umbali ulikuwa uleule wa adhabu na mapafu yaleyale, ila safari hii kulikuwa na wimbo na kulikuwa na wenzako. Vikundi vya jogingi vinavyopita mitaani kwetu Jumamosi na Jumapili, kwa filimbi na fulana za rangi moja, ni mchakamchaka uliorudi bila kujitangaza, na ninaamini hiyo ndiyo sababu vinadumu hata pale ambapo kadi za jimu zilizolipiwa mwaka mzima zinalala kwenye pochi.

Mimi mwenyewe nilipewa agizo la nusu saa na nikalitii kwa bidii ya mwanafunzi wa bweni. Nilizunguka uwanja, nikaandika dakika kwenye daftari, nikanunua viatu. Siku ya 19 mvua ilinyesha, nami nikajikuta ninaifurahia ile mvua kuliko nilivyowahi kuyafurahia yale mazoezi. Sikurudi uwanjani. Miezi kadhaa baadaye nilijaribu tena, na getini nikamkuta jirani yangu, mzee mstaafu wa Kibosho, ameshika chupa ya plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi na hayo maviatu ya mashindano?"

Nikamjibu kwamba siendi popote, ninafanya mazoezi tu.

"Mwanangu, mtu hatoki nyumbani kwake asubuhi yote hii kwenda 'popote tu'. Chukua chupa, twende kwa mama maziwa."

Mama maziwa yuko juu, ukipanda kuelekea Uru, na kwenda na kurudi ni kama dakika 50 kwa mwendo wa mzee, ambao si wa polepole kama nilivyodhani. Njiani tunazungumza bei ya kahawa, misiba, mpira, na watoto wa watu walivyogeuka. Huu ni mwaka wa nne. Daftari la dakika sijui liko wapi.

Kisa hiki kingebaki cha kuchekesha tu kama utafiti usingekubaliana nacho. Mtafiti wa saikolojia ya mazoezi Panteleimon Ekkekakis ametumia miaka mingi kuchunguza jambo ambalo wengine walilipita, yaani namna mtu anavyojisikia zoezi likiwa linaendelea, badala ya kumngoja amalize ndipo aulizwe. Picha inayojitokeza ni kwamba chini ya kiwango fulani cha nguvu, pale ambapo mtu anatembea au kukimbia na bado anaweza kuzungumza, wengi hujisikia vizuri; kiwango hicho kikivukwa, pumzi ikaanza kuyakata maneno, karibu wote hujisikia vibaya, na nafuu huja wanaposimama. Sasa mfikirie mtu wa kitambi anayeanza Januari kwa kukimbia kama anafukuzwa. Anauvuka mpaka ule dakika ya 3, anakaa upande wa mateso kwa dakika 20, kisha raha pekee anayoipata siku hiyo ni ya kuacha. Mwili unajifunza haraka, na somo ulilopewa ni kwamba kuacha ni kutamu.

Tunawatazama wanariadha wetu tukidhani mateso ndiyo kipimo. Alphonce Simbu alipotwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, sote tuliona zile hatua za mwisho na tukasisimka, lakini tulichoona ni siku ya mavuno. Wakimbiaji wa masafa marefu wa viwango vya juu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, wakiongea. Anayewahi barabara za pembezoni mwa Arusha saa 12 asubuhi atakutana na makundi yao, na hatasikia kuhema anakokusikia kwa wafanyakazi wa ofisini wakati wa maandalizi ya Kilimanjaro Marathon.

Mwaka 2016 Ekkekakis, pamoja na Zachary Zenko na Dan Ariely, walichapisha jaribio lenye matokeo ambayo mji wa Moshi uliyajua kwa miguu kabla ya maabara. Watu walioanza zoezi kwa nguvu nyingi na kumalizia kwa nguvu kidogo walilifurahia na kulikumbuka kwa uzuri zaidi kuliko walioanza kidogo na kupandisha. Mji wetu umelala kwenye mteremko wa mlima: ukitoka mjini kuelekea Kibosho, Uru au Mweka unapanda, ukirudi unashuka. Chupa yangu ya maziwa huenda tupu kwenye mlima na kurudi imejaa kwenye mteremko, na kumbukumbu inayobaki ni ya mteremko. Hata waliochora njia ya Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003, wanawapandisha watu barabara ya Mweka halafu wanawaachia washuke kuelekea uwanja wa Ushirika, ingawa ninashuku kwamba uliolazimisha hivyo ni mlima wenyewe.

Kuhusu kemikali nitapita haraka, kwa kuwa zimehubiriwa kupita kiasi. Sote tumesikia kwamba mkimbiaji hufurahi kwa sababu ya endofini. Siku hizi watafiti wanatazama zaidi endokanabinoidi, vitu ambavyo mwili hujitengenezea na ambavyo ni ndugu wa vile vilivyomo kwenye bangi, kwa sababu hivi hupenya kirahisi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, na endofini za kwenye damu hupenya kwa shida. Watani zetu wa Arusha wasinielewe vibaya.

La maana zaidi ni namna tabia inavyojengeka. Kwenye makundi ya WhatsApp na hata mimbarini tunaambiwa kwamba siku 21 zinatosha. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja ndogo kila mmoja, na muda wa kati waliokadiria hadi tabia ijiendeshe yenyewe ulikuwa siku 66, huku wa haraka wakikadiriwa siku 18 na wa taratibu siku 254. Zoezi la mwili lilichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Habari njema iliyofichika humo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Anayejiona mkosaji kwa sababu ya Jumanne moja ya mvua anajiadhibu bure, na kwa desturi yetu ya kichurachura, adhabu hiyo ndiyo inayomfukuza kabisa.

Mapumziko marefu ni suala jingine. Katherine Milkman wa Marekani na wenzake waliwapa watu vitabu vya kusisimua vya kusikiliza, kwa sharti kwamba visisikilizwe ila wakiwa mazoezini. Watu walikwenda zaidi, kwa hamu ya kujua kisa kinaishaje, lakini sikukuu yao kubwa ya Novemba ilipopita nguvu ya mpango ule ikapungua sana. Niliposoma hayo nilicheka, kwa sababu nasi tuna Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, barabara za migombani zinajaa magari yenye namba za kila mkoa, kuna ubarikio, kuna ndafu, kuna mbege, na hakuna anayetembea tena hata hadi kwa jirani. Anayetaka tabia yake ivuke Januari afikirie mapema atafanya nini kati ya Krismasi na mwaka mpya, na jibu si lazima liwe kubwa: kumpeleka shangazi kanisani kwa miguu badala ya gari kunatosha kuushika uzi usikatike.

Hapa msomaji wangu wa Old Moshi ameshanikatiza. Atasema kwamba mama zetu hawakujua jimu, walishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani, na hawakuwa na presha. Wengine wataongeza ushahidi wa mabasi ya London: mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makonda wa mabasi ya ghorofa, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipata mshtuko wa moyo mara chache kuliko madereva waliokaa. Hivyo kazi ni mazoezi, hoja imefungwa.

Haijafungwa. Watafiti wa baadaye, Andreas Holtermann wa Denmark akiwa mmoja wao, waliona jambo lililowasumbua: kujongea kwa hiari, wakati wa mapumziko, kunaulinda moyo, lakini kujongea kwa kazi nzito mara nyingi hakuulindi, na katika tafiti kadhaa kumekwenda sambamba na vifo vya mapema. Maelezo wanayotoa yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuwatazama wabeba mizigo wa soko la Mbuyuni. Kazi ni ya saa nyingi mno, mzigo unaipandisha presha na kuishikilia juu, na anayebeba hachagui mwendo wala hachagui lini apumzike. Misuli inatumika kama ya mkimbiaji. Kinachokosekana ni hiari, pumziko na kiasi. Sidai kwamba kufurahi peke yake ndiko kunakoulinda moyo, maana umaskini nao umo ndani ya hesabu hiyo na si rahisi kuutenga. Ninachodai ni kwamba mwili hauhesabu jasho tu. Unajua kama umetumwa au umetaka.

Kwa hiyo mama wa majani, akija na kusema hana furaha na mwili unamuuma, kumwandikia nusu saa ya kutembea ni karibu na matusi. Yeye anadai pumziko, na anadai kitu cha kwake. Mara nyingi ameshakipata bila msaada wa wataalamu: mazoezi ya kwaya ya usharika, jioni mbili kwa wiki, anakokwenda amevaa kitenge safi na kurudi sauti imekauka. Mwaka 2015 timu ya Robin Dunbar wa Oxford ililinganisha madarasa ya kuimba na madarasa ya ufundi wa mikono na uandishi, na wale waimbaji wakashikamana haraka kuliko wengine, ingawa baada ya miezi 7 makundi mengine yaliwafikia. Muziki unavunja ugeni. Waume wanaolalamika kwamba kwaya inawachukulia wake zao wangefanya vyema kuliangalia jambo hili kama suala la afya ya nyumba nzima.

Kama bado kuna anayeamini kwamba binadamu wa asili alipenda mazoezi, aende Ziwa Eyasi, wilaya ya Karatu, kwa Wahadzabe. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba wanajishughulisha kwa nguvu ya wastani au zaidi kwa takriban dakika 135 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki nzima. Lakini utafiti mwingine wa 2020 ulikuta kwamba watu haohao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, wakichuchumaa na kupiga magoti zaidi kuliko kukaa kitini. Hawafanyi mazoezi. Wanafuata asali, mizizi na nyama, mara nyingi wakiwa na wenzao, na kazi ikiisha wanakaa bila kujihukumu. Yule jirani yangu hajawahi kufika Eyasi, lakini sentensi yake pale getini inautosha utafiti huo.

Mwongozo huohuo wa 2020 ulifuta sharti la zamani kwamba mwendo usipofika dakika 10 mfululizo hauhesabiki. Kila mwendo unahesabika: ngazi za ofisini, kufuata mboga sokoni, kuzungusha kiuno jikoni redio ikiwa juu. Nadhani mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yalivyotangazwa, kwa kuwa yanamwondoa mtu uwanjani na kumrudisha kwenye maisha yake, mahali ambapo raha tayari ipo.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu, nalo ni kwamba raha ni mshauri asiyeaminika. Vikundi vya jogingi ninavyovisifu, vingi huishia kwenye kitimoto na bia kabla ya saa 5 asubuhi, na kilichochomwa barabarani kinarudishwa mezani pamoja na riba. Ni kweli. Tena raha huchuja. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu na kukuta kwamba hawakuwa na furaha zaidi ya majirani zao kwa tofauti ya maana, na mambo madogo ya kila siku yaliwafurahisha kidogo kuliko yalivyowafurahisha wale majirani. Ila nitenganishe hapa. Raha ya kupata huchakaa kwa sababu kitu kilichopatikana hakibadiliki. Raha ya kutenda inachelewa kuchakaa, kwa kuwa barabara ya leo haina habari za jana. Soga la njiani halijirudii. Kama kitimoto ndicho kinachowafanya wanaume 30 wakutane kila Jumapili, mimi nitakivumilia, nikiomba tu kipungue.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kusema "kila mtu achague anachokipenda" ni rahisi kwa mwanamume mwenye geti na jirani. Mwanamke anayetaka kutembea saa 11 alfajiri anapiga hesabu ya giza, mbwa, bodaboda zisizo na taa, na maneno ya watu, kwamba mama mzima anakimbilia nini. Dada wa kazi hana alfajiri ya kwake kabisa. Alfajiri yake ni chai na sare za watoto wa mwajiri. Mwishoni mwa 2016 serikali ilihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa, na viongozi wakatoka na traksuti tukawaona. Sina ugomvi na traksuti. Lakini siku 12 kwa mwaka hazijengi tabia ya mtu yeyote, na kama ningekuwa diwani ningeomba gharama za filimbi na mahema ziende kwenye njia za waenda kwa miguu na taa za barabarani, maana katika barabara zetu nyingi anayetembea hugawana ukingo na mtaro, pikipiki na marundo ya mchanga.

Na mtu mwenye sonona asiambiwe "nenda kakimbie, itaisha". Mazoezi husaidia, tafiti nyingi zinasema hivyo, lakini ugonjwa wenyewe hula ile hamu ambayo makala haya yote yanaitegemea, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa tabibu, na kutembea kuje kwa mkono wa mtu anayemfuata nyumbani.

Limebaki moja ambalo wakazi wa Moshi hatuna udhuru wa kulikosa. Virginia Sturm na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwaomba wazee watembee dakika 15 kila wiki kwa wiki 8. Nusu yao wakaambiwa watembee tu, nusu wakaambiwa watafute njiani kitu cha kuwastaajabisha. Wa pili walieleza furaha na huruma zaidi kwa siku zao za kawaida, na katika picha walizojipiga tabasamu lilizidi kukua huku wao wenyewe wakichukua nafasi ndogo zaidi ndani ya picha. Watu hupanda ndege kuja kuitazama Kibo yenye mita 5,895. Sisi tunaamka nayo mgongoni, na ikifika saa 4 mawingu yameshaifunika bila hata mmoja wetu kugeuka. Mzee husimama kwenye kona moja kila siku, mlima ukiwa umefunguka. Zamani nilidhani ni magoti.

Juzi mama maziwa alitupa taarifa kwamba ng'ombe wake anakaribia kuzaa, hatakamuliwa kwa miezi kama miwili. Nikamtazama mzee, nikijiuliza kama safari zetu zimefika mwisho. Alikung'uta chupa yake, akatazama juu kwenye migomba.

"Kuna mama mwingine," akasema. "Ila yuko juu zaidi."